Makato ya anayemhudumia mgonjwa wako yanakuhusu

Kabla hujafanyiwa upasuaji unapewa fomu usaini. Ukiwa na bahati, daktari anakaa nawe, anakueleza kinachokwenda kufanyika, faida yake, hatari zake na nini kitatokea ukikataa. Ukikosa bahati unaambiwa tu, "Saini hapa, mama," na kalamu unawekewa mkononi. Kwenye faili wagonjwa hawa wawili wanaonekana sawa, maana saini ipo. Wewe uliyelala kitandani ndiye unayejua tofauti.

Nimeanza na fomu hiyo kwa sababu kuna nyingine ambayo pengine hujawahi kuiwaza. Ni ile aliyoisaini, au hakuisaini, muuguzi anayemchoma mtoto wako sindano, au dada anayekuja nyumbani kumuogesha baba aliyepata kiharusi. Ni fomu ya kukubali kukatwa ada ya chama cha wafanyakazi. Marekani ugomvi wa makato hayo ulifika Mahakama ya Juu zaidi ya mara moja ndani ya miaka minne, na kesi ya kwanza ilikuwa ya wazazi na ndugu wanaowauguza wagonjwa wao majumbani. Utaniuliza, safu ya afya na vyama vya wafanyakazi wapi na wapi? Nivumilie kidogo, kwa sababu mwisho wa habari hii uko nyumbani kwako.

Twende kwanza Illinois, jimbo lenye jiji la Chicago. Marekani ina mpango wa serikali uitwao Medicaid, unaogharamia matibabu ya watu wenye kipato kidogo na wengi wenye ulemavu. Badala ya kumpeleka mtu mwenye ulemavu mkubwa akaishi kwenye kituo, mbali na watu wake, mpango huo unaweza kumlipa mtu wa kumhudumia nyumbani: kumlisha, kumuogesha, kumgeuza kitandani, kumkumbusha dawa. Mara nyingi mtu huyo ni ndugu. Mara nyingi ni mama mzazi.

Mmoja wa akina mama hao ni Pamela Harris, anayemhudumia mwanawe mwenye ulemavu nyumbani kwake. Mwaka 2003 Illinois ilitunga sheria iliyowahesabu wahudumu wa namna hii kuwa watumishi wa umma, lakini kwa jambo moja tu, yaani kujadiliana na serikali kuhusu malipo yao kupitia chama. Chama cha SEIU kikapata nafasi ya kuwasemea. Ambaye hakutaka kuwa mwanachama alikatwa ada hata hivyo, kwa hoja kwamba nyongeza ya malipo ikipatikana naye ataipata. Hukumu ya mahakama ilitaja kwamba ada hizo zilizidi dola milioni 3.6 kwa mwaka.

Harris mwenyewe alikuwa kwenye mpango wa pili wa jimbo hilo, na wahudumu wa mpango huo walipopigishwa kura mwaka 2009 walikataa chama. Alichohofia ni kwamba kura inaweza kurudiwa siku yoyote. Akaungana na wenzake wa mpango wa kwanza, waliokuwa tayari wanakatwa, wakafungua kesi. Tarehe 30 Juni 2014 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba wahudumu hao si watumishi kamili wa umma, na hawawezi kulazimishwa kulipia chama wasichokitaka.

Ukiwa mzazi unaona haraka kwa nini hoja yake iliwagusa watu. Mama anamuuguza mwanawe chumbani, halafu sehemu ya fedha ya mgonjwa inapita kwenda kwa watu ambao hakuwachagua. Mimi pia nilipoisoma mara ya kwanza niliona imekwisha hapo. Lakini haikuwa imekwisha. Jaji Elena Kagan, aliyeandika maoni ya wale wanne walioshindwa, alikumbusha kwamba chini ya miaka kumi ya chama hicho, malipo ya wahudumu wa Illinois yalikaribia kuongezeka mara mbili, wakapata bima ya afya inayogharamiwa na jimbo, na mafunzo yao yakaboreshwa. Hayo nayo ni mambo ya mgonjwa. Mhudumu asiye na bima anakuja kazini anakohoa, kwa sababu hawezi kumudu kwenda kutibiwa wala kukosa malipo ya siku.

Kesi nyingine ilimhusu mtumishi wa jimbo hilohilo, Mark Janus, aliyekuwa akishughulikia malipo ya matunzo ya watoto wa wazazi waliotengana. Hakuwa mwanachama wa chama cha AFSCME, lakini alikatwa karibu dola 45 kila mwezi. Tarehe 27 Juni 2018 Mahakama ya Juu, tena kwa kura tano kwa nne, ilifuta msimamo wake yenyewe wa mwaka 1977 na kusema kwamba mtumishi yeyote wa umma, nchi nzima, hawezi kukatwa hata senti ya chama mpaka awe amekubali waziwazi mwenyewe. Ukimya hauhesabiwi kuwa ridhaa. Uamuzi huo ulimgusa muuguzi wa hospitali ya serikali, mwalimu, zimamoto na dereva wa gari la taka.

Hapo ndipo mashirika yasiyo ya kibiashara yalipopata kazi kubwa. Hukumu imetoka Washington, lakini muuguzi wa zamu ya usiku hasomi hukumu za mahakama. Nani atamwambia kwamba haki yake imebadilika? Mwajiri hana haraka. Chama kina sababu ya kunyamaza. Basi yakajitokeza mashirika yenye kazi moja: kuwaandikia watumishi barua, kuwapigia simu, kuwabishia hodi mlangoni na kuwaambia, "Unajua kwamba unaweza kujitoa? Fomu hii hapa, jaza, sisi tutaituma."

Linalojulikana sana ni Freedom Foundation, lililoanzia jimbo la Washington, huko magharibi karibu na Canada. Lilikuwa kwenye kazi hii hata kabla ya Janus. Baada ya hukumu ya Harris liliomba serikali ya jimbo majina ya wahudumu wa majumbani ili liwafikie mmojammoja, na katika msimu wa Krismasi watu wake walisimama nje ya ofisi za serikali wamevaa kama Baba Krismasi, wakigawa vipeperushi vya kujitoa kwenye chama. Kwa nini wahudumu wa majumbani hasa? Kwa sababu hawakutani. Muuguzi wa hospitali ana wenzake wodini wa kuwauliza. Anayemhudumia mgonjwa chumbani yuko peke yake na mgonjwa wake, na anayemfikia kwanza ndiye anayemuundia habari.

Chama nacho hakikukaa kimya. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo la Washington waliletewa pendekezo namba 1501, lililoungwa mkono na fedha za tawi la SEIU la jimbo hilo. Lilitangazwa kuwa ni la kuwalinda wazee na wagonjwa dhidi ya matapeli wanaoiba taarifa zao. Nani angekataa kumlinda bibi yake? Likapita kwa kura nyingi. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachozuia majina ya wahudumu wa wazee na wagonjwa kutolewa kwa waombaji wa kawaida, Freedom Foundation wakiwamo, huku chama chenyewe kikiendelea kuyapata. Mambo haya yakapelekwa mahakamani, na mahakama ya rufaa ikaiacha sheria isimame.

Nataka uitazame hali hiyo kwa jicho la mgonjwa. Shirika moja linasema linamtetea mhudumu, kumbe pia halifichi kwamba linavipinga vyama vya watumishi wa umma na lingependa vidhoofike, tena sheria hailibani litangaze majina ya wafadhili wake. Chama kinasema kinamlinda mzee, kumbe kinalinda pia orodha ya wanaokilipa. Kila mmoja amesema jambo la kweli, na kila mmoja ameacha nusu.

Ukinunua dawa, ndani ya boksi kuna karatasi. Inakueleza dawa inatibu nini na inaweza kukudhuru vipi. Mtengenezaji asingependa kuandika hayo ya pili, lakini analazimika. Vipeperushi vya pande hizi mbili havina anayevilazimisha. Kile cha kujitoa kinakuambia utaokoa dola ngapi kwa mwaka, na hilo ni kweli. Kinaandika kwa herufi ndogo, au hakiandiki, kwamba ukishajitoa hupigi tena kura ya kukubali au kukataa mkataba unaopanga mshahara wako, wala humchagui kiongozi atakayekaa mezani na serikali. Kile cha kujiunga kinakuambia kuhusu mshahara, bima na mafunzo. Hakikuambii kwa sauti kwamba katika sehemu nyingi, ukisaini leo, hutaweza kusimamisha makato siku unayotaka, bali ndani ya siku chache tu za kila mwaka zilizoandikwa kwenye fomu. Ukizikosa, unangoja mwaka mwingine. Watumishi wa jimbo la Washington walilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema fomu ni mkataba: umesaini, umefungwa.

Hivyo mahakama ilidai ridhaa, na kilichopatikana sehemu nyingi ni saini. Wewe uliyewahi kuwekewa kalamu mkononi saa moja kabla ya upasuaji unaielewa tofauti hiyo kuliko mwanasheria.

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi vyote viwili havimgusi, naye ndiye ninayemwandikia kila wiki: mgonjwa. Mtu aliyepooza anatakiwa kugeuzwa karibu kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo mgongoni na kwenye makalio. Mhudumu aliyekaa naye miaka mitatu anajua upande unaomuuma, anajua sauti anayotoa akihisi kiu, anaona wekundu mdogo kwenye ngozi kabla haujawa kidonda. Akiondoka kwa sababu malipo hayatoshi, anakuja mgeni anayeanza upya, na mwezi ule wa kuanza upya ndio hatari. Katika jimbo la Washington, pendekezo lililopitishwa na wapiga kura mwaka 2011, likiungwa mkono na chama hichohicho, liliweka mafunzo ya saa 75 kwa wahudumu wengi wa majumbani kabla hawajathibitishwa. Wanaokilaumu chama wana hoja zao kuhusu fedha, lakini mimi ningependa anayemgeuza mama yangu awe amefundishwa saa hizo 75.

Ninachokipima mimi ni hivi. Shirika linalomwambia mtumishi haki yake linafanya kazi njema, hata kama limelipwa na watu wenye nia yao. Haki haiharibiki kwa sababu aliyekutajia humpendi. Na chama kinachowategemea watu wasiojua kwamba wanaruhusiwa kuondoka ni chama kinachojua kwamba hakijawashawishi. Lakini habari inayoishia kwenye "okoa dola zako" ni nusu dozi, na nusu dozi ya antibayotiki unajua inachofanya.

Ndugu zetu wako ndani ya habari hii. Wapo watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani huko Marekani, na huenda ada ya shule ya mwanao hapa inatoka kwenye zamu hizo. Akikupigia simu kusema kuna mtu amembishia hodi na fomu ya kujitoa, au mtu wa chama amemletea ya kujiunga, mwambie asisaini mlangoni. Aulize tarehe ya mwisho ya kubadili mawazo, aulize atapoteza nini, kisha alale nayo usiku mmoja. Ni ushauri uleule ninaompa mgonjwa aliyeambiwa afanyiwe upasuaji usio wa dharura.

Sasa hapa kwetu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 20, inampa mtu uhuru wa kujiunga na chama, na ibara hiyohiyo inakataza kumlazimisha mtu kujiunga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri apate idhini ya mfanyakazi kwenye fomu maalumu kabla ya kukata ada ya uanachama, na mfanyakazi anaweza kuifuta idhini hiyo kwa kutoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Hakuna dirisha la siku chache la kungojea mwaka mzima.

Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kitu ambacho Marekani sasa kimekatazwa kwa watumishi wa umma. Chama chenye wafanyakazi wengi zaidi ya nusu kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba asiye mwanachama naye akatwe ada ya uwakala. Ada hiyo haiwezi kuzidi ada ya uanachama, inapaswa kuwekwa kwenye akaunti ya peke yake, inatumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo ya kazi tu, na hairuhusiwi kwenda kwenye chama cha siasa. Kenya nayo ina ada ya namna hiyo katika sheria yake ya mwaka 2007. Kwa maneno mengine, nchi zetu ziko pale Illinois ilipokuwa kabla ya Janus, ila kwa masharti yaliyoandikwa.

Binafsi sioni ubaya wa ada hiyo ikiwa masharti yanafuatwa. Ubaya ninaouona ni kwamba muuguzi kijana anayepangiwa kituo cha afya cha kijijini anakuta makato kwenye hati yake ya mshahara mwezi wa kwanza na hajui kama ni ya uanachama au ya uwakala, wala nani wa kumuuliza, wala mapato na matumizi ya akaunti ile yanasomwa wapi. Huku kwetu sijaona anayebisha hodi na kipeperushi, cha upande wowote ule. Kazi hiyo ingefaa ianze chuoni, wiki ileile wanapofundishwa maadili ya kazi. Kama una mtoto anayesomea uuguzi, utabibu au maabara, muulize akija likizo kama amewahi kuambiwa.

Na usidhani mkataba wa chama ni karatasi ya wafanyakazi peke yao. Wakenya wanakumbuka siku 100 za mgomo wa madaktari, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Chanzo chake kilikuwa mkataba uliosainiwa mwaka 2013 ambao madaktari walisema haukutekelezwa. Wazazi waliobeba watoto wenye homa kutoka hospitali moja kwenda nyingine hawakuwa wamewahi kuusoma mkataba huo. Tanzania sheria inaziweka huduma za afya kwenye kundi la huduma muhimu, ambako mgomo umebanwa na mgogoro unapelekwa kwenye usuluhishi. Kwa hiyo muuguzi wetu hana njia nyingi za kusikika zaidi ya yule anayemsemea mezani. Kama anayemsemea ni dhaifu, au hajali kwa sababu makato yanaingia hata asipojali, upungufu wa watu wodini hautasemwa na mtu, na utausikia wewe saa nane usiku unapoita nesi haji.

Nilikuahidi kwamba habari hii inaishia nyumbani kwako. Kama una mgonjwa wa muda mrefu, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, huenda umemwajiri dada wa kumhudumia. Pengine mnamwita binti wa kazi, pengine ndugu kutoka kijijini mliyekubaliana "tutakuangalia." Kama mmeajiriana, ukiacha majina mnayoitana, wewe ni mwajiri na yeye ni mfanyakazi chini ya sheria ileile ya 2004. Ana haki ya mkataba wa maandishi, ya mapumziko ya kila wiki na ya likizo. Ana haki ya kujiunga na chama pia; CHODAWU ndicho kinachowapokea wafanyakazi wa majumbani. Mwenzake wa Illinois alikuwa na mashirika mawili makubwa yakigombania sikio lake. Huyu wa kwako hana hata moja linalojua kwamba yupo.

Mwambie wewe. Usimwambie ajiunge, wala usimwambie asijiunge. Mwambie tu kwamba inaruhusiwa, na kwamba akienda kuuliza hatakuta begi lake nje ya geti.

Utaogopa kidogo kumwambia, najua. Atadai siku ya mapumziko, na Jumapili hiyo itabidi wewe mwenyewe umgeuze mgonjwa kila saa mbili.